Je, wajua kwa nini mwizi huliacha kufuli na kung'oa komeo?

Mlango uliovunjwa usiku, uwe wa Shangani ya Mtwara, Mikindani au Lindi mjini, mara nyingi huacha ushahidi wa kushangaza: kufuli ni zima, bado limefungwa, linaning'inia kwenye komeo lililong'oka na skrubu zake nne. Mwenye nyumba alitoa fedha nyingi kwa kufuli nene akaona kazi imekwisha. Mwizi hata hakuligusa.

Sababu ni wenzo. Mtaimbo mfupi wa sentimita 60, ukipenyezwa ncha ya sentimita 3 nyuma ya komeo, huzidisha nguvu ya mkono karibu mara 20. Mtu akiusukuma kwa nguvu ya kilo 30, komeo linavutwa kwa nguvu inayokaribia kilo 600. Kufuli la chuma kigumu huenda likastahimili. Skrubu ya milimita 20 iliyoshika nyuzi za mbao haiwezi, hata mlango ukiwa wa mninga; hutoka na vumbi la mbao kwenye meno yake.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kufuli jipya, badilisha kinacholishika. Toboa mlango hadi upande wa pili na ufunge komeo kwa bolti za milimita 8 zenye kichwa cha mviringo, kile kisichoshikika kwa spana wala koleo. Kwa mlango wa unene wa milimita 40, bolti ya milimita 60 hadi 65 inatosha. Ndani weka washa pana, yaani pete bapa ya chuma, kaza nati, kisha gonga ncha ya bolti kwa nyundo ili nati isifunguke tena. Chagua komeo ambalo likishafungwa linafunika vichwa vya bolti zake. Likiacha skrubu wazi kwa nje, bisibisi ya kawaida ndiyo ufunguo wa nyumba yako.

Geukia upande wa bawaba, kwani mlango unaofunguka kwa nje huacha pini za bawaba nje, na pini zikigongwa mlango huchomolewa na kufuli lake likiwa limefungwa. Dawa yake ni rahisi. Kwenye ubavu wa mlango, upande wa bawaba, zamisha vipande viwili vya chuma cha milimita 8, kimoja juu na kingine chini, vichomoze sentimita 1. Toboa fremu mkabala navyo. Mlango ukifungwa, vyuma vinaingia kwenye matundu, na pini zikitolewa mlango haubanduki.

Halafu fremu. Ichome kwa bisibisi sentimita 30 za chini, pande zote mbili. Mchwa hula ndani na kuacha ganda la rangi likiwa zuri, na fremu ya namna hiyo huachia kwa teke moja. Inatakiwa ishikwe na ukuta kwa vyuma visivyopungua vitatu kila upande. Kwenye ukuta wa tofali na saruji, bolti za kupanuka za milimita 10 kwa 100 hufanya kazi vizuri. Kwenye nyumba kongwe za Mikindani na Kilwa, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, bolti hizo hazifai: zikipanuka, chokaa inamumunyuka na tundu linakuwa kubwa. Huko chimba shimo la sentimita 15 kwenda ndani, weka kishikio cha chuma chenye mkia uliopasuliwa, ujaze zege, na uliache likauke siku saba kabla ya kupigiza mlango.

Pwani yetu ina adui mwingine asiyelala, yaani chumvi. Upepo wa bahari huleta chembe za chumvi zinazotua kwenye chuma, na chumvi hunyonya unyevu wa hewa, hivyo chuma hubaki na utando wa maji hata siku isiyo na mvua. Ndiyo maana komeo linalodumu miaka mingi Masasi au Nachingwea hulika upesi Msimbati. Kutu pia huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo nondo ya dirisha ikishika kutu ndani ya ukuta hupasua plasta, na mwisho hutikisika kwa mkono. Fundi akitumia mchanga wa ufukweni kwenye zege, amezika chumvi pamoja na nondo. Dai mchanga wa mtoni au wa machimbo. Grili ipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa, ambako kutu huanzia. Nati na bolti zilizopakwa zinki zinafaa. Za chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi kwa nyumba inayotazama bahari. Kufuli la nje lifunike kwa kipande cha mpira wa tyubu. Usilitie mafuta ya kula, kwa kuwa hukusanya vumbi na kuganda. Kwaruza unga wa penseli kwenye ufunguo, uuingize na kuutoa mara kadhaa.

Kufuli lina udhaifu mwingine ambao wengi hawaufikirii: likining'inia nje, linatangaza kwamba ndani hamna mtu. Kuanzia Oktoba, familia za Tandahimba na Newala zikishinda mashambani kuokota korosho, mtu anayepita mtaani husoma milango mmoja mmoja bila kuuliza. Kitasa kilichozama ndani ya mbao hakisemi lolote. Kwa mlango mkuu tumia kitasa, kufuli libaki la stoo na banda. Ila vitasa vya bei ndogo vina tofauti chache za funguo, na si ajabu ufunguo wa jirani ukafungua kwako. Kabla ya kulipa, jaribu dukani funguo za vitasa vingine vya aina hiyohiyo. Nyumba ya kupanga, badilisha kitasa siku ya kuhamia. Na fedha za korosho zikishanunua televisheni, boksi lake lisitupwe barazani.

Haya yote hayaufanyi mlango usivunjike. Yanamlazimisha mwizi akae muda mrefu na kupiga kelele, na hivyo ndivyo asivyovitaka. Uholanzi ilichukua hesabu hiyo kwa uzito: tangu 1999 nyumba mpya zinatakiwa kuwa na milango na madirisha yanayostahimili kuvunjwa kwa dakika 3. Watafiti walipolinganisha nyumba zilizojengwa kabla na baada ya sharti hilo, waliona wizi wa kuvunja umepungua kwa takriban robo. Dakika 3 tu. Lakini zina maana pale tu panapokuwa na wa kusikia, na ndiyo maana jirani anayekujua, balozi wa nyumba kumi na ulinzi shirikishi wa mtaa vina thamani kuliko kamera. Kamera itakuonyesha aliyeingia, umeme ukiwepo.

Madirisha ndiyo yanayoumiza watu hasa Novemba na Desemba, joto linapozidi na kila mtu analala dirisha wazi. Mwizi haingii, anavua simu na suruali kwa fimbo yenye ndoano. Nondo za milimita 12 zilizopishana sentimita 10 humzuia mtu, hata mtoto anayetumwa, ila hazizuii fimbo. Ongeza wavu wa chuma wenye matundu madogo nyuma ya nondo, na usiweke meza ya simu mkabala na dirisha. Vioo vya luva huchomolewa kimoja kimoja bila sauti, hivyo visiwe kinga pekee.

Nyumba ya miti na udongo ina hesabu yake. Haina maana kuweka mlango wa chuma penye ukuta unaolainika kwa ndoo ya maji na kutoboka kwa panga. Pigilia wavu wa kuku juu ya fito, kisha piga plasta ya saruji. Mwizi atalazimika kukata waya, na waya una kelele. Ziba kwa wavu pia uwazi kati ya ukuta na paa, hewa iendelee kupita. Kwa paa la bati, dari ya jipsamu si kizuizi. Kama uwezo upo, chumba kimoja kiwe na nondo juu ya dari.

Nje, kata matawi ya chini ya mkorosho ulio karibu na nyumba, kwa sababu mkorosho huinamisha matawi hadi ardhini na kumficha mtu mzima. Uzio wa makuti nao humficha akishaingia. Michongoma iliyokatwa usawa wa kiuno humwacha wazi. Taa ya sola yenye kihisi iwe juu mita 2.5 hadi 3, ielekee mahali jirani anapoona. Paneli yake iinamie kaskazini kidogo, kama nyuzi 10, na ifutwe chumvi kila wiki mbili.

Jambo la mwisho halihusu mwizi. Grili inayomzuia asiingie inawazuia wanao wasitoke moto ukiwaka. Kila chumba cha kulala, au angalau kimoja kinachofikiwa na wote, kiwe na grili ya bawaba inayofunguka kwa ndani. Ufunguo wake utundikwe mahali mtoto anapofika lakini fimbo ya dirishani haifiki. Mwache mtoto mkubwa ajaribu kuifungua grili hiyo gizani, na kama kutu imeanza kuishika, utajua usiku huo huo. Zimamoto ni 114, polisi 112.