Taa ya maji ya waipa haizimi? Pima kabla ya kununua sensa

Taa ya maji ya waipa ikiwaka huku tenki limejaa, gereji nyingi za hapa Arusha humwambia mwenye gari akanunue sensa, yaani kifaa kinachohisi kiwango cha maji. Sikubaliani na hilo. Kwenye gari la zamani, sensa yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Kilichoharibika ni boya lililoganda, au plagi iliyoota kutu ya kijani.

Sensa ya kawaida ya magari haya ni swichi ya sumaku. Boya lina sumaku ndani. Maji yakipungua linashuka, na swichi iliyozibwa kwenye plastiki inafunga au kufungua njia ya umeme. Sasa jaza tenki maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe, ongeza sabuni ya unga, na vumbi linaloingia kila ukifungua kifuniko. Boya linashikwa na utelezi na haliinuki tena.

Anza kwenye plagi. Chini ya tenki kuna plagi mbili: yenye mpira wa maji pembeni yake ni ya pampu, hiyo usiiguse. Ile nyingine ndiyo ya sensa. Ichomoe, fungua ufunguo bila kupiga stata, subiri kama nusu dakika, kwa sababu magari mengi huichelewesha taa makusudi ili maji yakiyumba kwenye kona isiwake ovyo. Ikizima, waya za gari ni nzima na tatizo liko kwenye sensa. Isipozima, funga ufunguo, unganisha pini mbili za upande wa gari kwa kipande cha waya, fungua tena. Ikizima sasa, gari lako ni la aina inayotaka njia ifungwe tenki likijaa, na bado unashughulika na sensa. Ikigoma mara zote mbili, usinunue kitu: fuatilia waya, hasa pale zinapopita karibu na bampa.

Kufikia sensa, kata usukani hadi mwisho, inua gari kwa jeki na uliweke kwenye stendi, kisha toa klipu za plastiki ya ndani ya madigadi. Weka beseni, maana maji yote yatatokea kwenye tundu la sensa. Ivute huku ukiizungusha kidogo kidogo. Usiitie bisibisi: plastiki ya zamani imekauka, na mdomo wa tenki ukipasuka hakuna gundi itakayoshika pale kwa muda mrefu. Raba ya tundu ikidumbukia ndani, itoe, la sivyo itaziba njia ya pampu.

Sensa ikiwa mkononi, weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani) na usogeze boya kwa kidole, juu na chini. Usomaji lazima uruke kati ya karibu sifuri (swichi imefunga) na njia iliyokatika (swichi imefungua). Boya likiwa zito, loweka sensa kwenye siki nusu saa, suuza, pima tena. Isipobadilika kabisa, hapo ndipo uende dukani, na uende nayo, kwa sababu za muundo unaofanana hutofautiana plagi na hata mpangilio wa kufunga au kufungua.

Raba nunua mpya hata kama sensa ya zamani inarudi. Ile ya awali imekuwa ngumu na itavuja. Suuza tenki mpaka matope yatoke yote, ilowanishe raba kwa maji ya sabuni (grisi ya kawaida inaweza kuivimbisha), kisha sukuma sensa boya likiwa na nafasi ya kupanda na kushuka. Ukiigeuza juu chini, taa itawaka tenki likiwa limejaa na kuzima likiwa tupu. Pini zenye kutu safisha kwa dawa ya kusafishia umeme. Waya ukikatika, unganisha kwa risasi na ufunike kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Selotepu pekee haihimili matope ya masika.

Rudisha plagi, mimina lita moja, subiri dakika kumi, chungulia raba. Ikiwa kavu, jaza. Taa ikiendelea kuwaka, funga ufunguo kisha ufungue upya. Baadhi ya magari hufuta onyo hapo tu.