Kwa nini ukigeuka kitandani chumba kizima huzunguka?

Umelala chali, unageukia kulia ili uzime taa, na ghafla dari inaanza kukimbia. Unang'ang'ania godoro, kichefuchefu kinapanda. Kabla hujaita mtu, kila kitu kimetulia. Ukigeuka tena upande uleule, dari inakimbia tena. Ukigeukia kushoto, shwari.

Asubuhi utaambiwa mengi. Jirani atasema presha, shemeji atasema malaria, na hakosekani wa kunong'ona kwamba umerogwa. Lakini kizunguzungu kinachozuka pale tu kichwa kinapobadilisha mkao, kikaisha ndani ya dakika moja, mara nyingi kina chanzo ambacho wachache hukidhania: chembe za chokaa zilizopotea njia ndani ya sikio. Madaktari wa masikio huuita ugonjwa huu BPPV, kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya kizunguzungu cha ghafla cha mkao kisicho hatari. Katika magonjwa yote ya kizunguzungu yanayoanzia sikioni, hakuna unaoonekana mara nyingi kuliko huu.

Shuleni tulifundishwa kwamba sikio ni la kusikia: ngoma, kisha vifupa vitatu vya sikio la kati, yaani nyundo, fuawe na kikuku, vinavyopokezana mtikisiko wa sauti. Kazi ya pili haikupewa muda mrefu. Ndani zaidi, katika mfupa mgumu ulio nyuma ya sikio, kuna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, kila mmoja ukielekea upande wake. Kichwa kikigeuka, majimaji yanachelewa kidogo kukifuata, na kule kuchelewa kunasukuma kizibo laini cha ute kilichoziba mfereji karibu na mwisho wake mmoja. Kizibo kikipinda, vinyweleo vya seli zilizo chini yake vinapinda nacho, na ubongo unapata habari kwamba kichwa kinazunguka, tena kwa upande gani.

Jirani na mifereji hiyo kuna vifuko viwili vyenye kazi tofauti: kupima mvutano wa dunia na mwendo wa kwenda mbele au juu, kama pale basi linapofunga breki au lifti inapoanza kupanda. Ili vifanye hivyo vinahitaji kitu kizito, na hapo ndipo chokaa inapoingia. Juu ya ute wa kila kifuko kumelala maelfu ya fuwele za kalsiamu kaboneti, madini yaleyale yaliyomo kwenye chaki na kwenye makombe ya pwani. Fuwele moja ina upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita.

Tatizo linaanza fuwele zinapobanduka. Umri unachangia, na ugonjwa huu huwapata zaidi waliovuka miaka 50, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Kugonga kichwa pia kunaweza kuzibandua. Mara nyingi, hata hivyo, sababu haionekani kabisa. Fuwele zilizobanduka huelea, na wagonjwa wengi huugua kwa sababu zimetumbukia kwenye mfereji wa nyuma, kwa kuwa huo ndio ulio chini zaidi, usimame au ulale chali. Humo zinatulia. Siku ukigeuza kichwa kwa namna fulani, zinaporomoka ndani ya mfereji, zinavuta majimaji, kizibo kinapinda, na ubongo unapokea taarifa kwamba kichwa kinazunguka kwa kasi. Shingo inakanusha. Sikio la pili halina habari. Ubongo, kwa kuamini taarifa ya sikio bovu, unayasogeza macho ili yafidie mzunguko ambao haupo, na macho yakichezacheza hivyo mgonjwa anaona chumba kikikimbia.

Hii ndiyo sababu kizunguzungu huchelewa sekunde chache baada ya kulala: fuwele zinahitaji muda kuanza kuteremka. Zikifika chini, majimaji yanatulia na kizibo kinarudi wima. Ni ugonjwa wenye tabia inayotabirika mno, jambo linaloshangaza ukikumbuka ulivyochukua muda kueleweka.

Hadi katikati ya karne ya 19, madaktari wa Ulaya waliamini kwamba mtu akiangushwa na kizunguzungu basi damu imejaa ubongoni, na tiba ilikuwa kumtoa damu. Mwaka 1861 Prosper Ménière, aliyekuwa daktari wa taasisi ya viziwi mjini Paris, aliwaeleza wenzake kwamba kizunguzungu kinachofuatana na uziwi na kelele masikioni hutoka kwenye sikio la ndani. Alifariki mwaka uliofuata. Ugonjwa unaobeba jina lake si huu wa fuwele, kwani ule huchukua dakika nyingi hadi saa kadhaa na huathiri usikivu, lakini yeye ndiye aliyehamisha macho ya madaktari kutoka ubongoni kwenda sikioni.

Aliyefuata alikuwa Robert Bárány wa Vienna. Kazi yake ilikuwa pamoja na kusafisha masikio ya wagonjwa kwa kuyapuliza maji, na baadhi yao walilalamika kizunguzungu. Akaona kwamba maji baridi huyafanya macho yacheze upande mmoja, na maji ya moto upande wa pili. Maji yenye joto sawa na la mwili hayafanyi kitu. Alieleza kwamba joto hufanya majimaji ya mfereji yawe mepesi yapande, na baridi huyafanya yashuke. Mwaka 1983 wanaanga waliyapima maelezo hayo angani ndani ya maabara ya Spacelab, mahali ambapo kupanda na kushuka hakuna maana, na macho yakacheza vilevile, kwa hiyo maelezo yake yalikuwa na upungufu. Kipimo chenyewe bado kinatumika hospitalini.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 alipewa yeye, lakini habari ilimkuta akiwa mfungwa wa vita mikononi mwa Warusi, huko Merv, katika Turkmenistan ya leo. Mwanamfalme Carl wa Sweden alimwombea kupitia Msalaba Mwekundu, akaachiwa mwaka 1916, akahamia Uppsala. Mwaka 1921 aliandika kuhusu mwanamke wa miaka 27 aliyepata kizunguzungu kila alipolalia upande mmoja. Picha ya ugonjwa ilikuwa hiyo, kamili, ila tiba hakuwa nayo.

Mwaka 1952, Margaret Dix na Charles Hallpike wa London walieleza namna ya kuupima. Mgonjwa anaketi kitandani, kichwa kimegeuzwa nusu upande, kisha analazwa haraka chali kichwa kikining'inia kidogo ukingoni. Daktari anatazama macho. Yakicheza kwa kujizungusha, sikio lenye kosa ni lile lililoelekea chini. Hakuna mashine, hakuna picha ya eksirei. Miaka ya 1960 Harold Schuknecht wa Boston alichunguza mifupa ya masikio ya watu waliofariki wakiwa na ugonjwa huu, akaona vumbi limenata kwenye kizibo cha mfereji wa nyuma. Sasa mshukiwa alikuwa amepatikana, lakini wagonjwa walioteseka sana bado walipelekwa kwenye upasuaji wa kukata mshipa wa neva wa mfereji huo.

Kisha akaja John Epley, daktari wa Portland, Oregon. Hoja yake ilikuwa nyepesi mno: kama tatizo ni fuwele zinazotembea, kwa nini tusizitembeze hadi zitoke? Chukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, ukikunje nusu duara, uzibe mwisho mmoja, utie kokoto ndani. Kokoto haitoki kwa kutikisa. Lazima uuzungushe mpira hatua kwa hatua hadi ifikie mwisho ulio wazi. Mfereji wa sikio umezibwa upande mmoja na kile kizibo cha ute, kwa hiyo njia ya kutokea ni moja tu.

Kwa sikio la kulia, mgonjwa anaketi kichwa kikiwa kimegeukia kulia, analazwa chali kichwa kikining'inia kidogo, anasubiri kizunguzungu kiishe. Kichwa kinageuzwa kushoto, anasubiri. Anabingirika upande wa kushoto hadi uso unatazama sakafu, anasubiri tena, kisha anaketishwa. Fuwele zimerudi kwenye kifuko, ambako hazina madhara. Shughuli nzima ni dakika chache.

Epley aliionyesha mbinu hii mwaka 1980, na wenzake wengi wakaiona kichekesho. Makala yake ilikataliwa na kukataliwa, ikachapishwa mwaka 1992. Mwaka 1996 bodi ya madaktari ya Oregon ilimfungulia mashtaka ya mwenendo usiofaa, naye hakusafishwa hadi 2001. Naona kosa la tiba yake lilikuwa kutokuwa na kitu cha kuonyesha: hakuna kidonge, hakuna kisu, hakuna chombo kinachong'aa. Wakati huo Alain Semont wa Ufaransa naye alikuwa na mbinu yake ya kumlaza mgonjwa kwa kasi upande huu na ule. Uchambuzi wa mwaka 2014 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio 11 yenye wagonjwa 745, ulionyesha kwamba waliopona kabisa waliongezeka kutoka asilimia 21 hadi 56 baada ya kufanyiwa mbinu ya Epley.

Vidonge vya kizunguzungu, ambavyo wengi huandikiwa kwanza, vinaweza kupunguza kichefuchefu. Fuwele haviziondoi mahali pake, na vinaleta usingizi, jambo la hatari kwa mzee anayeyumba tayari.

Kujifanyia nyumbani kunawezekana, ila baada ya daktari kuthibitisha ni sikio lipi na mfereji upi, kwa sababu kila mfereji una mzunguko wake. Mwenye shida ya shingo asijaribu peke yake. Na kizunguzungu kinachokuja pamoja na maneno kukwama, kuona vitu viwili, mkono kulegea, kichwa kuuma ghafla kupita kiasi au kushindwa kabisa kutembea, hicho si cha fuwele hadi ithibitishwe. Ni cha kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, maana huenda ni kiharusi.

Fuwele hubanduka tena kwa wagonjwa wengi. Mwaka 2020 watafiti wa Korea Kusini walifuatilia watu 957 waliokwisha kuugua. Waliopungukiwa vitamini D walipewa vitamini hiyo pamoja na kalsiamu, na kurudi kwa ugonjwa kukashuka kwa takriban robo. Kwa mtu ambaye kizunguzungu chake kinarudi kila baada ya miezi, inafaa amwulize daktari kuhusu kupima kiwango cha vitamini D, kipimo cha kawaida cha damu.