Impasto ni kukanda, si kukandika

Siku hizi kila turubai yenye matuta huitwa impasto. Mtu kachanganya mchanga na gundi, kauparaza mchanganyiko huo kwenye turubai, kasubiri ukauke, kisha kapitisha rangi nyepesi juu yake, na chini ya picha kaandika "impasto". Hapana.

Impasto ni rangi, aghalabu ya mafuta, iliyowekwa nzito kiasi kwamba alama ya brashi au ya kisu hubaki imesimama na kutupa kivuli chake yenyewe. Imulike kwa taa kutoka ubavuni na utaona mifereji iliyoachwa na manyoya ya brashi. Maana yake ndiyo hiyo, haina zaidi.

Kinachopotosha watu ni asili ya neno. Kwa Kiitaliano *impastare* ni kukanda, na ndani yake mna *pasta*, donge la unga. Mpaka leo mwokaji wa Italia akisema *impasto* anamaanisha unga uliokandwa, wa mkate au wa piza. Waakiolojia nao huviita impasto vyungu vya kale vya Waetruski, vya udongo wa chengachenga, usio laini. Hata chaki za pasteli zimezaliwa katika shina hilohilo. Kote humo jambo ni moja: kitu kimekandwa hadi kikashikamana.

Sisi Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayofanana sura, na tumeshika lisilo lake. Kukandika ni kazi ya ukuta: fito zipo, udongo unabandikwa juu. Kukanda ni kazi ya donge, ambalo ndani na nje ni kitu kimoja. Tuta la mchanga lililopakwa rangi limekandikwa. Likwaruze kidogo, chini utakuta mchanga na gundi. Tuta la impasto ukilikata, rangi ni ileile hadi chini, au ni rangi mbili zilizopotana brashi ilipopita. Tena mchanga haujui mkono wako ulikuwa na haraka au ulisita. Rangi inajua.

Na nguvu ya impasto iko katika ukandaji zaidi kuliko wingi. Mwaka 2019 watafiti waliochunguza chembe za rangi nzito za Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, walitangaza kukuta plumbonakraiti, kampaundi adimu ya madini ya risasi, pamoja na nyeupe ya risasi, rangi nyeupe itokanayo na madini hayohayo; dalili kwamba aliyabadilisha mafuta yenyewe ili rangi isimame. Hakumwaga tu rangi nyingi.

Kwa hiyo anayetaka matuta asianze kwa kuongeza kitu. Apunguze mafuta: akamue rangi juu ya karatasi inayofyonza, aiache saa moja au zaidi, kisha aikande kwa kisu kwenye ubao. Tapentaini ikae mbali, maana huilegeza na ncha zikalala. Brashi iwe ya manyoya magumu ya nguruwe, ibebe rangi nyingi, ipite mara moja na kuondoka. Ukirudi kulainisha, umeshalisawazisha tuta na rangi zimegeuka tope.

Kukauka ndiko kunakowaponza wengi. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo. Inavuta oksijeni na kuganda kuanzia juu. Ngozi hutangulia, ndani hubaki laini kwa miezi. Mafuta yakizidi, ngozi hiyo hujikunja kama ya maziwa yaliyopoa. Ukiweka umba, rangi ya kahawia ya udongo ambayo hukauka upesi, juu ya tuta bichi la nyeupe ya titani, tarajia nyufa. Nyeupe ya zinki usiijengee matuta kabisa, kwani hukakamaa na kuvunjika. Na turubai inayolegea huyatingisha matuta kila inapoguswa. Ubao mgumu badala ya turubai huyahifadhi vizuri zaidi.

Sisemi uso wa mchanga na gundi ni kazi mbaya. Una uzuri wake, tena haukusumbui kwa miezi ya kungoja. Uite uso uliojengwa, au uliokandikwa ukipenda. Na ukiujenga kisha ukapiga juu yake rangi nzito inayosimama, hiyo rangi ya juu peke yake ndiyo impasto.