Binti Hakuhama Chuo, Alihamisha Krediti

Majuzi, kwenye sherehe ya Watanzania huku Marekani, mzee mmoja ninayemheshimu alimtambulisha binti wa jirani yake hivi: "Huyu alianza chuo cha maendeleo ya jamii, kikamshinda, akahama." Binti akainamisha uso. Kumbe amemaliza miaka yake miwili ya komyuniti koleji kwa alama nzuri, na mwezi wa nane anaingia mwaka wa tatu chuo kikuu. Kauli za namna hiyo nimezisikia mara nyingi mno.

Komyuniti koleji ni chuo cha umma cha miaka miwili, ada yake nafuu. Mwanafunzi hukusanya hapo krediti kama 60, yaani vipimo vya masomo aliyoyafaulu, akaenda nazo chuo cha miaka minne, ambako shahada ya kwanza kwa kawaida hudai krediti 120. Hiyo ndiyo transfa.

Tatizo la kwanza ni hilo neno "jamii". Chuo cha maendeleo ya jamii, kama kile cha Tengeru huko Tanzania, kinawaandaa maofisa wa maendeleo ya jamii. Jamii ndiyo fani yao. Kwenye komyuniti koleji, jamii ni wakazi wa eneo ambao chuo kimewekwa kwa ajili yao, na fani ni nyingi, kuanzia uuguzi hadi hesabu.

Tena asili yake yenyewe inakataa kwamba ni chuo cha walioshindwa. William Rainey Harper, rais wa kwanza wa University of Chicago, aliigawa miaka minne ya shahada katika nusu mbili, na mwaka 1896 zikaitwa koleji ndogo na koleji kubwa. Mwaka 1901, yeye na J. Stanley Brown, mkuu wa shule ya sekondari ya mji wa Joliet, Illinois, wakaipeleka ile nusu ya kwanza palepale sekondari, vijana wasome karibu na kwao. Chuo hicho, Joliet Junior College, kipo hadi leo. Jina la komyuniti koleji lilienea baadaye, baada ya ripoti ya tume ya Rais Truman ya mwaka 1947. Kwa hiyo tangu mwanzo miaka hii miwili ilikuwa nusu ya shahada.

Sasa "kuhama". Transfa inatokana na Kilatini, kubeba kitu na kukivusha. Anayehama anaweza kuondoka mikono mitupu. Anayehamisha ana mzigo, na hapa mzigo ni krediti. Ndiyo maana neno hili likisemwa ovyo linaumiza hata mfukoni. Chuo kipya kinaweza kuipokea krediti ya hesabu, lakini kikaihesabu kama somo la hiari tu, lisiloingia kwenye masharti ya uhandisi. Karatasi inasema imepokelewa, na mwanafunzi analirudia somo kwa ada mpya. Swali la kumuuliza mshauri wa masomo, kabla hata ya kujiandikisha, ni: "Je, itahesabiwa kwenye shahada yangu?" Vyuo vingi vina makubaliano ya maandishi kuhusu somo lipi linalingana na lipi, aombe aonyeshwe.

Kwa hiyo, mzee wangu, siku ukimtambulisha tena yule binti, sema amemaliza komyuniti koleji na amehamishia krediti zake chuo kikuu. Atainua uso.