Manukato ya Maua na Uchafu Unaoyapa Uhai

Wateja wengi wanaoingia dukani mwangu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, huomba kitu kinachonukia maua lakini kiwe kisafi, na nikiwadadisi wanakusudia nini hueleza harufu ya ua ambalo halikuguswa na jua, mdudu wala jasho. Kazi yangu ni kuchanganya na kuuza uturi, na kando ya kazi hiyo nimekuwa nikikusanya manukato ya maua ya Ulaya, ya Ghuba na ya India kwa miaka mingi, kwa hiyo nina msimamo wangu kuhusu ombi hilo. Ua safi namna hiyo halipo shambani, na likitengenezwa ndani ya chupa huchosha upesi. Manukato ninayoyavaa mpaka tone la mwisho ni yale ambayo mtengenezaji wake ameiacha ndani yake ile sehemu ya ua inayoelekea kuoza.

Asumini ndiyo inayolionyesha jambo hili waziwazi kuliko ua lolote. Asumini yetu ya Pwani, inayotungwa makoja na kuuzwa alasiri ikiwa bado vitumba, kitaalamu huitwa Jasminum sambac. Ua hili hufunguka usiku likiwa tayari kwenye nywele za aliyelivaa, na ndiyo sababu bibi harusi na mashoga zake hunukia zaidi saa nne za usiku kuliko walivyonukia walipokuwa wakitoka nyumbani. Kufikia asubuhi petali zimegeuka rangi ya hudhurungi na harufu yake imekuwa nzito, ina utamu wa kulevya na ndani ya utamu huo mna kitu cha mnyama. Wanakemia wanakijua kitu hicho kwa jina la indoli. Ikiwa peke yake na kwa wingi, indoli hunuka kama zile dawa za nondo zinazotiwa makabatini, na hupatikana hata katika kinyesi cha binadamu. Ikiwa kidogo, imefumwa ndani ya asumini, tuberozi (ua jeupe lenye harufu nzito) au ua la mchungwa, ndiyo inayolitenga ua na sabuni. Kinachonuka humo ndicho kinachonukia, na ufundi wote umo katika kipimo.

Wafaransa wa Grasse, mji wa kusini mwa Ufaransa ambao ujuzi wake wa manukato uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2018, hawatumii asumini ya aina yetu. Yao ni Jasminum grandiflorum, yenye utamu unaokaribia tunda lililoiva, ilhali ya kwetu ina ubichi wa majani na inakaribia zaidi ua la mchungwa. Nikivaa manukato ya asumini ya Grasse mbele ya wazee wa hapa, huyasifu kwa adabu kisha huuliza hilo ni ua gani. Aina zote mbili lakini zina tabia moja inayowasumbua watengenezaji, nayo ni kwamba kuzikeneka kwa mvuke, yaani kuzichemsha na kuukinga mvuke wenye harufu kama inavyofanywa kwa mawaridi, hakuleti faida kubwa, kwa kuwa joto huiharibu sehemu kubwa ya harufu yake. Zamani maua yalitandazwa juu ya vioo vilivyopakwa shahamu, kwa sababu asumini huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa, na shahamu ile ikainyonya harufu siku baada ya siku huku maua yakibadilishwa. Siku hizi hutumiwa kiyeyushi, aghalabu heksani, kinachoacha nta yenye harufu, na nta hiyo ikisafishwa kwa spiriti hupatikana mafuta mazito yanayoitwa absoluti. Kilo moja ya maua ni takriban maua 8,000, na kilo moja ya absoluti hudai mamia ya kilo za maua. Ukikutana na chupa ya bei ya chini iliyoandikwa asumini kwa herufi za dhahabu, fanya hesabu hiyo kwanza.

Jean Patou, mbunifu wa mavazi wa Paris, alipouza Joy mwaka 1930, manukato yaliyotungwa na Henri Alméras, kampuni ilijitangaza kwamba mililita 30 zake zilihitaji maua 10,600 ya asumini na mawaridi dazeni 28. Tangazo ni tangazo, ila mimi ninayo chupa ya zamani ya Joy na pua yangu hailipingi. Mwanzo wake ni mkali kidogo, kisha asumini na waridi huja pamoja zikiwa zimesongamana kiasi kwamba huwezi kuzitenga, na baada ya saa kadhaa mwilini hubaki joto lenye dalili ya mnyama, hafifu lakini lisilokanika. Sijapata kumvutia kijana yeyote kwa Joy. Wengi hunusa, hurudi nyuma, wakasema ni marashi ya bibi, na kwa kweli hawajakosea, kwani mabibi zetu walizoea kunukia kitu chenye mwili: udi kwenye kanga, tibu nyuma ya masikio, na kikuba cha asumini, rihani na kilua kifuani. Hilo ua la kilua, kwa njia, sijawahi kukutana nalo katika chupa yoyote ya Ulaya, na ninaona ni hasara yao.

Kuvaa manukato haya Pwani si sawa na kuyavaa Paris, na maandishi mengi ya Kizungu kuhusu harufu hayasaidii kitu hapa. Ngozi yenye joto na unyevu huyakimbiza haraka mambo ya juu, yaani limau, majani na ule ubaridi wa mwanzo, ikaliacha ua lenyewe peke yake mapema mno. Manukato ambayo kwenye baridi yangechukua saa nzima kufika moyoni mwake, wakati wa kaskazi hufika huko kabla hujavuka barabara ya Ndia Kuu. Kwa hiyo mimi hugawa mkusanyiko wangu kwa misimu ya upepo. Fracas, tuberozi iliyotungwa na Germaine Cellier kwa ajili ya nyumba ya mitindo ya Robert Piguet mwaka 1948, ni ya kusi, hasa Julai usiku, inapowezekana kukaa barazani bila kulowa jasho. Tone moja nyuma ya shingo, chini ya nguo, linatosha. Kuivaa Februari adhuhuri ndani ya matatu ni kuwadhulumu abiria. Wakati wa kaskazi navaa maua mabichi yenye majani mengi, au navaa uturi wa mafuta, ambao hauna spiriti ya kurusha kila kitu hewani kwa mara moja na hivyo hubaki karibu na mwili.

Uturi wa maua unaotufikia kutoka India una asili yake Kannauj, katika jimbo la Uttar Pradesh, ambako bado maua hupikwa kwa maji ndani ya masufuria ya shaba na mvuke wake ukaongozwa kwa bomba la mwanzi hadi kwenye chombo chenye mafuta ya sandali. Sandali huipokea harufu ya ua na kuishikilia, na kwa kuwa yenyewe inanukia, uturi wa waridi au wa asumini uliotengenezwa hivyo huwa na ua juu na mti chini. Sandali imekuwa ghali sana, na mwingi wa uturi unaouzwa leo kwa tola, kile kipimo cha Kihindi, una mafuta ya parafini mahali pake. Kuutambua si vigumu. Paka kidogo juu ya mkono: parafini hulala juu ya ngozi ikimetameta na harufu ikiondoka haibakizi chochote, ilhali sandali huingia mwilini, na kesho yake asubuhi bado kuna utamu wa maziwa kwenye ukosi wa kanzu.

Langilangi ni ua la jirani, kwa kuwa Visiwa vya Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani, na miti yake imo pia katika bustani nyingi za Unguja. Maua huchumwa alfajiri na kukenekwa, na mafuta hukingwa kwa mafungu kadiri saa zinavyokwenda. Fungu la kwanza, linaloitwa ekstra, ndilo ghali na ndilo linaloingia katika manukato makubwa, yakiwamo Chanel No. 5 ambayo Ernest Beaux aliyatunga mwaka 1921. Mafungu ya mwisho, yaliyo mazito na yenye harufu ndogo, huishia kwenye sabuni. Nimeyanusa yote manne kwa pamoja, na ekstra ndiyo yenye uchafu mwingi kuliko yote. Ina ndizi mbivu, ina karafuu, na ina harufu ya ngozi na zizi la farasi inayomshtua mtu asiyeitarajia. Wanaoidhani langilangi kuwa ua la kustarehesha tu, la kutia kwenye mafuta ya kukanda mwili, hawajakutana na ekstra iliyokingwa vizuri.

Sipuuzi kabisa maua yaliyo safi, na mfano unaonibana kila ninapotetea msimamo wangu ni Diorissimo ya Dior, ya mwaka 1956. Mtunzi wake, Edmond Roudnitska, alitaka kuiga nyinyoro ya bondeni, lile ua dogo jeupe la Ulaya lenye umbo la kengele linalochanua Mei, ambalo halitoi mafuta ya kutumika hata likamuliwe vipi. Kila manukato ya ua hilo, basi, ni uzushi wa maabara. Roudnitska alilipanda ua hilo bustanini kwake Cabris, karibu na Grasse, ili awe analinusa lilivyo, na alichokitunga kina ubichi na unyevu wa udongo kiasi kwamba mtu husahau kuwa hakuna ua lililoguswa. Lakini vaa chupa ya zamani hadi jioni, nawe utakutana tena na kile kitu cha asumini kilichofichwa chini ya weupe wote ule. Alijua alichokuwa akikifanya. Huyuhuyu ndiye aliyetumia hedioni katika Eau Sauvage ya mwaka 1966, molekuli inayotoa hewa na mwanga wa asumini bila ule uzito wake, na tangu hapo wenzake wengi wamechukua hedioni peke yake wakaiacha indoli mlangoni. Hapo ndipo ilipozaliwa asumini ya kisasa ya madukani, inayonukia vizuri kwa nusu saa na kukosa la kusema baadaye.

Kukusanya kwangu kumetokana na ukweli kwamba manukato hubadilishwa huku jina na chupa vikibaki vilevile. Sababu ni nyingi, kuanzia bei ya malighafi hadi kanuni za usalama. Lilial, molekuli iliyobeba harufu ya nyinyoro katika manukato na sabuni nyingi, ilipigwa marufuku katika vipodozi vya Umoja wa Ulaya tarehe 1 Machi 2022 kwa kuwa iliainishwa kuwa na madhara kwa uzazi, na Lyral ilikuwa imekwisha kuondolewa kabla yake kwa sababu ya mzio wa ngozi. Siwalaumu waliozipiga marufuku. Afya ya mvaaji ni kubwa kuliko pua yangu. Maana yake tu ni kwamba chupa ya maua meupe ya miaka ya 1990 na chupa ya leo yenye jina lilelile ni vitu viwili, na anayetaka kuelewa historia ya harufu hizi hana budi kuwa nazo zote mbili. Joy yenyewe haitengenezwi tena na Patou, na tangu 2018 jina hilo limo kwenye manukato tofauti kabisa ya Dior.

Kutoka Ghuba nathamini Gold ya Amouage, nyumba ya manukato iliyoanzishwa Oman mwaka 1983, ambayo ilimwita Mfaransa Guy Robert aiandike harufu yake ya kwanza. Ndani yake mna waridi, asumini na nyinyoro, vyote vimeketishwa juu ya ubani, miski na zabadi (harufu ya mnyama itokayo kwa ngawa), na ni kati ya manukato machache ya chupa ya kifahari ambayo wazee wa Pwani huyatambua papo hapo kama kitu chao. Huwa nayavaa kwenye harusi, baada ya kujifukiza udi, na vitu hivyo viwili havigombani.

Hifadhi ndiyo taabu kubwa ya mkusanyaji wa huku. Mwanga, joto na hewa huyaharibu manukato, na Mombasa tuna viwili vya kwanza kwa wingi. Chupa zangu zinakaa ndani ya maboksi yake, kwenye kabati la chumba cha ndani kisichopigwa na jua, na chupa iliyobaki nusu huihamishia kwenye chupa ndogo inayojaa mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi. Marashi ya waridi, yale maji ya kunyunyizia kwa mrashi, hukaa kwenye friji, kwani yana kiasi kikubwa cha ile sehemu ya waridi inayoyeyuka katika maji na ambayo mafuta ya waridi yaliyokenekwa huwa nayo kidogo tu. Ndiyo maana mara nyingi maji hayo hunukia kama ua lenyewe kuliko mafuta ya bei mbaya. Manukato ya asumini na ya ua la mchungwa hubadilika rangi yanapokaa, kutoka manjano hadi rangi ya chai ya rangi, kwa sababu indoli na jamaa zake hushikana na molekuli nyingine ndani ya chupa. Wauzaji wa mtandaoni huzipunguza bei chupa hizo wakidhani zimeharibika. Mimi huomba picha iliyopigwa mchana, nikaangalia kama kioevu kimeiva rangi bila kuwa na mawingu, kisha nikanunua.