Tanki la maji ya mvua hupimwa kwa kiangazi

Wanavijiji wa Misungwi na Kwimba ninaoshirikiana nao katika kazi ya maji huanza kwa kuniuliza kama mvua yao inatosha kuvunwa. Inatosha na kubaki. Mkoa wa Mwanza hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na kila milimita inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la mita za mraba 80, hata tukiondoa sehemu ya tano inayoruka, kuvuja au kukauka, huteremsha lita 64,000 kwa mwaka. Tatizo ni kwamba maji hayo huja kwa vuli na masika, na kuanzia Juni hadi Septemba hali huwa kavu. Ndiyo maana ukubwa wa tanki ninaupima kwa urefu wa kiangazi.

Familia ya watu 6 inayotumia lita 7 kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa na kupikia peke yake, huhitaji takriban lita 5,000 kwa siku 120. Ikitaka kuoga na kufua kwa maji hayohayo, kwa lita 20 kila mtu, itahitaji lita 14,400, na gharama yake wengi hawaimudu. Kwa walio mbali na ziwa hushauri waanze na tanki dogo, kazi nyingine ziendelee kwa maji ya kisima au lambo. Kwa wakazi wa ufukweni sina uhakika huo wa haraka, kwa sababu kichocho humwingia mtu kupitia ngozi anaposimama majini, na kufua na kuoga ndiko kunakomweka humo kwa muda mrefu. Mwenye uwezo wa kuongeza tanki la pili huko hatapoteza fedha yake.

Hata hivyo, matanki mengi ninayoyakuta yamebaki nusu hayakukosa mvua, yamekosa mfereji mzuri wa kupokea maji ya paa. Mvua kubwa ya huku yaweza kufikia milimita moja kwa dakika, maana yake upande mmoja wa paa lenye mita za mraba 40 humwaga ndoo mbili za lita 20 kila dakika. Mfereji mwembamba uliofungwa kwa waya, uliolegea katikati, hufurika hapo kwenye bonde lake na kumwaga maji ukutani. Uteremke sentimita moja kwa kila mita, ushikiliwe kwa vyuma vilivyokaribiana, na ukingo wa bati uingie ndani yake kidogo tu, la sivyo maji ya kasi huuruka.

Jambo la pili linalopuuzwa ni maji ya kwanza, yale yanayoosha vumbi na mavi ya ndege. Kwa paa hilo la mita 80, nusu milimita ya mwanzo ni lita 40 za kumwaga. Mafundi hupenda kufunga bomba la inchi 4 lililosimama, lenye urefu wa mita moja, wakidhani wamemaliza kazi, ilhali linabeba lita 8 tu. Ingelazimu liwe na mita 5. Pipa dogo la plastiki lenye kibomba chini cha kulikausha kila baada ya mvua hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na ni rahisi kusafisha.

Yaliyobaki ni machache. Tanki la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5, hivyo kitako chake kiwe cha zege au mawe yaliyopangwa vizuri. Bomba la kuchotea likae sentimita 10 juu ya sakafu ili tope lisisumbuliwe, matundu yote yazibwe kwa wavu wa mbu, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini kwa kipimo. Usafi wa paa na mfereji ufanyike Septemba, kabla ya vuli, kwa kuwa mvua ya kwanza baada ya miezi minne ya vumbi ndiyo chafu kuliko zote.