Je, wajua kwa nini Block 37 ya Chicago ilikaa tupu zaidi ya miaka 15 wakati iko katikati kabisa ya mji?

Chicago, Marekani, kuna kitalu kimoja kimezungukwa na barabara nne: State, Randolph, Dearborn na Washington. Ng'ambo ya State liko lile duka kubwa la Marshall Field's, ambalo tangu 2006 linaitwa Macy's, na ng'ambo ya Dearborn kuna Daley Center, jengo la mahakama na ofisi za serikali. Watu wanapita hapo asubuhi mpaka usiku, treni za chini ya ardhi zinapita pande mbili, ukisema utafute eneo zuri zaidi la biashara mji mzima utapata tabu. Sasa eneo hilohilo lilibomolewa 1989 na ujenzi mpya ukaja kuanza mwisho wa 2005. Hapo katikati hakuna fremu, hakuna ofisi, pametulia tu. Ilikuwaje?

Kwanza hiyo namba. Mwaka 1830 Chicago ilikuwa kijiji kidogo sana, na makamishna waliopewa kazi ya kuchimba mfereji wa Illinois na Michigan walihitaji hela, wakamleta mpima ardhi anaitwa James Thompson achore mji ili viwanja viuzwe. Akachora vitalu 58 akavipa namba, na hiki kilikuwa cha 37. Miaka 40 baadaye mji ulikuwa na watu karibu laki 3, yaani kasi yake ilikuwa ya ajabu.

Biashara zenyewe mwanzoni hazikuwa State, zilikuwa barabara ya Lake karibu na mto. Aliyezihamisha ni tajiri mmoja, Potter Palmer, miaka ya 1860 mwishoni alinunua ardhi nyingi State, akashinikiza barabara ipanuliwe, kisha 1868 akawapangisha wafanyabiashara Field (yule wa Marshall Field's) na Leiter jengo la kifahari pale kona ya Washington, na wenye maduka wengine wakafuata. Halafu Oktoba 1871 ukaja ule moto mkubwa ukateketeza katikati ya mji yote, Block 37 nayo ikaisha. Lakini watu walijenga upya haraka mno. Jengo la McCarthy pale kona ya Washington na Dearborn lilisimama 1872, mwaka mmoja tu baada ya moto! Mwaka 1892 likaja Unity, ghorofa refu la ofisi lililojengwa na John Peter Altgeld, yule aliyekuja kuwa gavana wa Illinois mwaka uliofuata, na aliweka humo sehemu kubwa ya mali yake ikaja kupotea. 1921 ikafunguliwa sinema ya Roosevelt upande wa State, kona ya Randolph na Dearborn kulikuwa na sinema nyingine, United Artists, na kulikuwa na Stop & Shop, duka la vyakula lililojulikana mji mzima.

Hapa ndo penye jibu lenyewe kwa maoni yangu, kwa hiyo naomba tukae kidogo. Kitalu kizima ni kama ekari 3 tu lakini kilikuwa na majengo mengi, wenye nyumba tofauti, wapangaji wakubwa kwa wadogo. Sinema ikifa duka la pembeni linaendelea, jengo moja likizeeka lingine linakarabatiwa, hasara ya mmoja haimzimi jirani yake. Eneo la namna hiyo linaweza kuchakaa lakini kulikuta halina hata duka moja wazi ni kazi ngumu sana.

Na kuchakaa lilichakaa kweli, hilo halipingiki. Baada ya vita ya pili watu wengi walihamia pembezoni mwa mji wakafuatwa na maduka yenye maegesho, halafu miaka ya 1970 wanunuzi wenye hela wakaanza kwenda Michigan Avenue, barabara nyingine ya maduka mjini humo. Mwaka 1979 mji ukafunga State kwa magari binafsi ukabakisha mabasi na waenda kwa miguu, wakiamini itavutia watu, ikawa kinyume, mpaka 1996 wakairudisha kama zamani. Maduka makubwa ya State yalikuwa yanafunga moja baada ya jingine, Sears yenyewe iliondoka hapo 1983.

Basi mji ukaamua dawa ni kusafisha kitalu chote na kukikabidhi kwa wawekezaji wa kundi moja kwa bei nafuu, wajenge minara ya ofisi na maduka chini, mchoro wa msanifu Helmut Jahn. Jengo la McCarthy lilikuwa limeshatambuliwa kama urithi wa mji, likavuliwa hadhi hiyo, watetezi wa majengo ya zamani wakaenda mpaka mahakamani wakashindwa. Tingatinga likaingia 1989. Muda ule ule soko la ofisi Marekani nzima likaporomoka, maana miaka ya 80 yalijengwa maghorofa kupita mahitaji na taasisi nyingi za mikopo zilikuwa zinafilisika. Mnara wa ofisi haujengwi kwa hela ya mfukoni, benki inataka kwanza ione mpangaji mkubwa ameshasaini, na mpangaji hakuwepo. Kwa kuwa mradi ulikuwa mmoja na wa pamoja, hakukuwa na namna ya kusema tuanze na kona hii tufungue maduka matatu. Ama vyote ama hakuna, ikawa hakuna.

Hapo katikati mji ulijitahidi kupatumia, na hili nalipongeza bila kusita. Wakati wa baridi palikuwa uwanja wa kuteleza kwenye barafu, na kuanzia 1991 wakati wa joto palifungwa mahema vijana wakafundishwa sanaa huku wanalipwa, mradi ukaitwa Gallery 37 kwa jina la kitalu chenyewe.

Jengo la maduka la sasa lilifunguliwa 2009, katikati ya mdororo mwingine wa uchumi, na chini yake kuna stesheni iliyokusudiwa kwa treni za haraka za kwenda viwanja vya ndege, ilishameza zaidi ya dola milioni 200 kazi iliposimamishwa 2008, haijawahi kumaliziwa. Mnara wa makazi juu ya maduka ulikuja kukamilika 2016. Kwenye yale majengo ya zamani limebaki moja tu, kituo cha umeme cha 1931 upande wa Dearborn, na liliachwa kwa sababu lilikuwa na kazi: umeme wa katikati ya mji unapitia humo.